AL-ASMA'I, MWANACHUONI ALIYEELEZA MWENDO WA MTUME (S.A.W.)

Bismillahir-Rahmanir-Rahim



Hatukumwona Mtume wetu (s.a.w.) akitembea. Sifa zake zimetufikia kwa maneno, na maneno mengine ni Kiarabu kigumu. Leo tumkumbuke mtu aliyeyaeleza.

Abdul-Malik bin Qurayb al-Asma'i alizaliwa Basra, Iraki, karibu mwaka 740. Alisoma kwa Abu Amr bin al-Ala, mmoja wa wasomaji saba wa Qur'ani. Lakini hakutosheka na elimu ya mjini. Aliwaendea Mabedui, akasikiliza namna wanavyosema, akahifadhi. Aliandika vitabu juu ya ngamia, juu ya farasi, na juu ya umbo la mwanadamu.

Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala tangu 786 hadi 809, alimkaribisha Baghdad. Husimuliwa kwamba siku moja yeye na mwanachuoni mwenzake, Abu Ubayda, waliulizwa habari za vitabu vyao vya farasi. Cha Abu Ubayda kilikuwa mijalada hamsini, cha al-Asma'i mmoja tu. Akaletwa farasi, wakatakiwa washike kila kiungo na kukitaja. Abu Ubayda akakataa, kwani yeye hakuwa mganga wa wanyama. Al-Asma'i akainuka, akashika kiungo kimoja kimoja na kukitaja jina hadi mwisho. Akapewa farasi yule.

Elimu hiyo ndiyo iliyotufaa sisi. Imamu Tirmidhi, aliyefariki mwaka 892, amepokea hadithi ya Sayyidna Ali (r.a.) juu ya sifa za Mtume, na pamoja nayo maelezo ya al-Asma'i. Mumaghghit ni mtu mrefu kupita kiasi. Mutaraddid ni mfupi sana hata viungo vyake vimeingiana. Mtume hakuwa huyu wala yule, bali wa kimo cha kati. Taqallu' ni kutembea kwa nguvu, na sabab ni mteremko. Basi Mtume alitembea kwa nguvu, kama mtu anayeshuka kilima. Sisi nasi kwa Kiswahili tunasema mtu ananyata, anachechemea, anajikongoja, anatembea kwa maringo. Ukikosea neno, umempa mtu mwendo usio wake. Je, kwa Mtume wa Mungu itakuwaje?

Kwa sababu hiyo al-Asma'i aliogopa. Pamoja na elimu yake yote, alijizuia kufasiri Qur'ani na hadithi kwa maoni yake. Alieleza tu neno lilivyo kwa Waarabu, na asipokuwa na hakika alinyamaza. Alifariki karibu mwaka 830, umri wake umepita miaka themanini.

Ndugu zangu, wangapi kati yetu husema dini ni hivi na hivi bila kujua? Tujifunze kunyamaza kama yeye. Na tutazame nyayo zetu. Katika Sura ya Luqman, aya ya 18 na 19, tumekatazwa kutembea kwa majivuno, tukaamrishwa mwendo wa kati. Tukitoka msikitini leo, kwenda sokoni, shambani au nyumbani, twende kwa nguvu bila kiburi.

Allah amrehemu al-Asma'i, na atujaalie kufuata mwendo wa Mtume wake. Amin.