Semei Kakungulu na Walimu wa Sheria

Sisi wa Karatu na pande za Ngorongoro twajua ya kuwa desturi haijilindi yenyewe. Jambo likishindaniwa, wazee huketi, husikiliza, kisha hukata shauri, na watu hutii. Wayahudi washikao Sheria nao hufuata hukumu za walimu wao waitwao marabi. Hujiona wamefungwa kuzitii, maana mlango wa 17 wa Kumbukumbu la Torati waagiza neno gumu lipelekwe kwa makuhani na mwamuzi, wala mtu asiiache hukumu yao. Mwezi huu twawasimulia habari za Semei Kakungulu wa Uganda, aliyeianza njia hiyo pasipo mwalimu.

Alizaliwa Kooki yapata mwaka 1869. Akaenda Buganda, akawa Mkristo wa Kiprotestanti na jemadari hodari. Akazitiisha nchi za mashariki chini ya Waingereza, akaujenga mji wa Mbale. Alitumaini kufanywa mfalme huko, lakini Waingereza hawakukubali, naye akaona uchungu mwingi. Yapata mwaka 1913 akajiunga na Wamalaki, watu walioisoma Biblia ya Kiganda wakasadiki kwamba yawakataza dawa.

Kakungulu alizidi kusoma Vitabu vya Musa, akaona tohara imeagizwa. Mwaka 1919 akatahiriwa, yeye na wanawe. Wamalaki wakamlaumu kwamba amefanya kama Wayahudi. Yeye akalipokea jina hilo, akajitenga nao pamoja na watu wake.

Ndipo shida ilipoanza. Torati yakataza kazi siku ya saba, lakini haizitaji kazi zote moja moja. Yakataza kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, lakini haisemi kama nyama na maziwa vyaweza kuliwa pamoja. Marabi ndio waliohesabu namna 39 za kazi zisizofanywa siku ya Sabato, wakakata shauri kwamba nyama na maziwa visichanganywe. Jambo hili si geni kwa jirani zetu Wamasai, ambao kwa desturi yao ya kale hawakuvila siku moja. Lakini Kakungulu hakuwa na wa kumwuliza.

Mwaka 1920 akafika Myahudi mmoja jina lake Yosef, akakaa nao miezi kadha, akawafundisha sikukuu, kalenda, na sheria za chakula. Jemadari aliyezoea kuamuru akaketi kama mwanafunzi. Ubatizo ukaachwa. Mwaka 1922 akatoa kitabu cha kuwafundisha watu wake, na mwaka 1928 akafa.

Watu wake, Abayudaya, walikatazwa ibada yao katika siku za Idi Amin, wengi wakaiacha. Waliosalia wakaishika. Mwaka 2002 likaja baraza la marabi, likapokea mamia yao kwa kuzamishwa majini. Wengine wakakataa, wakiwataka marabi wenye kushika Sheria kwa ukali zaidi, ambao hawazitambui hukumu za baraza kama lile. Hivyo wajukuu nao wakakutana na swali la babu yao: ni nani mwenye haki ya kuamua?

Sisi twamhuzunikia alipomwacha Kristo, aliye utimilifu wa Sheria. Hata hivyo, hatuwezi kumcheka. Wamalaki walisoma peke yao wakakataa dawa. Kakungulu alisoma Kitabu kile kile, na alipopata mwalimu, hakuona haya kuuliza. Ninyi mfundishao katekisimu, msiwaone wanaouliza kuwa wasumbufu. Nanyi mnaposhindwa na neno, nendeni kwa wenzenu, mkaulize.