Tatu, munganga aliyefundisha bunduki kule Fizi

Hapa kwetu Sange, katika plaine ya Ruzizi, mutoto anajua sauti ya bunduki mbele ya kumaliza shule ya musingi. Na kila mara vita inaporudi, tunaona jambo lile lile: kijana anapewa bunduki asubuhi, na mangaribi anaitwa askari. Wengine wanasema ni juu ya kujilinda, yeye na jamaa yake. Juu ya hiyo tumeona vizuri kukumbusha maisha ya mutu mumoja aliyepita upande wetu huu. Kule Fizi alijulikana kwa jina la Tatu. Dunia inamujua kwa jina la Che Guevara.

Ernesto Guevara alizaliwa mwaka wa 1928 katika muji wa Rosario, inchi ya Argentina. Alisoma udaktari na kumaliza mwaka wa 1953. Kazi ya bunduki alijifunza Mexico mwaka wa 1956, na mwalimu wake alikuwa Alberto Bayo, afisa wa zamani wa vita ya Hispania. Katika mazoezi yale alipiga masasi karibu 650, na alihesabiwa kati ya wanafunzi wa kwanza kabisa.

Hata vile, moto wa kwanza ulimushangaza. Tarehe 5/12/1956, kule Alegría de Pío katika Kuba, jeshi la serikali liliwakuta wakiwa wanapumuzika. Mbele yake kulikuwa sanduku la dawa na sanduku la masasi, na hakuweza kubeba yote mawili. Akachukua la masasi. Kisha risasi ikamupata kwenye shingo. Yeye akapiga moja kuelekea pori bila kuona adui, akajiegemeza kwenye muti akifikiri namna ya kufa. Mwenzake Juan Almeida ndiye aliyemuinua. Mutu aliyezoezwa pia anaogopa. Lakini yeye aliendelea kujifunza, na mwaka uliofuata alikuwa komanda.

Huku kwetu, Uvira ilikuwa imeanguka mikononi mwa Simba tarehe 15/5/1964. Mwaka uliofuata, katika mwezi wa ine, Che alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma, akafika Kibamba. Wakuba walijiita kwa hesabu ya Kiswahili. Víctor Dreke alikuwa Moja, José María Martínez Tamayo alikuwa Mbili, yeye Tatu. Kwa jumla walifika zaidi ya mia moja.

Silaha alizikuta nyingi. Mazoezi ndiyo hayakukuwa. Wapiganaji wengi walitegemea dawa: ukinyunyiziwa maji, risasi inakuwa maji. Mutu akikufa, walisema ni kosa lake, labda aliogopa, aliiba ao aligusa mwanamuke. Kwa hiyo dawa haikushindwa hata siku moja.

Tarehe 29/6/1965 walishambulia Force Bendera, kwenye kituo cha umeme. Che hakuruhusiwa kwenda, Dreke aliongoza. Wakuba ine walikufa, na Wanyarwanda waliopigana pamoja nao zaidi ya kumi. Wengi walikimbia. Kisha Che aliandika kitu alichokiona mara nyingi: mutu anafunga macho, anakamata kidole pale pale, masasi yote yanaisha kwa mara moja, na hakuna aliyelengwa. Tusiwacheke. Woga ukiingia, macho yanaona kidogo, masikio yanaziba, mikono inatetemeka. Akili haina tena wakati wa kuchagua. Mwili unafanya kile ulichorudilia mara mia. Kama haukurudilia kitu, unakimbia ao unafyatua ovyo.

Na anayeumia si adui peke yake. Katika shambulio moja la njiani, mpiganaji aliyeshindwa kuongoza bunduki yake alimukata Mukuba vidole viwili kwa masasi. Mukubwa wa mpiganaji yule akatoa kisu, akataka kumukata naye vile vile. Mbili ndiye aliyemutuliza.

Tatu alijaribu kufundisha, lakini malaria, ugomvi wa wakubwa na siku chache vilimushinda. Mazoezi hayatoshi kama mutu hajui juu ya nini anasimama pale. Mwezi wa kumi, Fizi ikaanguka mbele ya jeshi la serikali na mamluki wa Mike Hoare. Tarehe 21/11/1965 Tatu akavuka ziwa usiku.

Mwisho wake ulikuwa Bolivia. Waaskari waliomukamata tarehe 8/10/1967 walikuwa vijana wa kawaida wa inchi ile, lakini walikuwa wametoka kufundishwa kwa miezi na Waamerika. Bunduki ya Che ilikuwa imevunjwa na risasi, na yeye alikuwa na kidonda muguuni. Kesho yake, ndani ya shule ya La Higuera, walimuua akiwa mikono mitupu. Alikuwa na miaka 39.

Sisi wa Sange hatuombi kila kijana afundishwe bunduki. Tunaomba asipewe. Kile tunaombea wale wanaogawanya silaha ni hiki: mukumbuke vidole vya Mukuba yule. Bunduki iliyo mikononi mwa mutu asiyezoezwa hailindi nyumba. Usiku mbwa akibweka, anayepita inje anaweza kuwa jirani anayepeleka mutoto hospitali, na yule mwenye bunduki amekwisha kufunga macho.