Mwalimu wa Devlali na Namba za Moja Tupu

Katika kuadhimisha sikukuu hii ya hekalu letu, tumeona vema kumkumbuka mwalimu mmoja wa shule ambaye hakuwa na cheo wala mali, bali jina lake latajwa leo na wanahisabati duniani kote.

Dattatreya Ramchandra Kaprekar alizaliwa tarehe 17 Januari 1905 huko Dahanu, mji wa pwani ulio kaskazini ya Mumbai, jirani na Gujarat. Alifiwa na mama yake akiwa na umri wa miaka minane, akalelewa na baba yake, karani aliyependa unajimu. Hesabu za nyota ndizo zilizomfanya mtoto azipende namba. Alisoma Chuo cha Fergusson, Pune, akapata shahada ya kwanza mwaka 1929. Tangu 1930 hadi alipostaafu mwaka 1962 alifundisha shule huko Devlali, karibu na Nashik.

Saa zake za mapumziko alizitoa kwa namba ambazo tarakimu zake hujipanga kwa utaratibu. 11 mara 11 ni 121. 111 mara 111 ni 12321. 1111 mara 1111 ni 1234321: tarakimu hupanda na kushuka kama ngazi. Aliziita namba za Demlo, kwa jina la kituo cha reli alipopatia wazo hilo.

Namba hizo za moja tupu zina fumbo. 11 ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Lakini 111 ni 3 mara 37, na 1111 ni 11 mara 101. Namba tasa inayofuata ya aina hii ina tarakimu 19, zote moja; kisha yenye 23. Iwapo zinaendelea bila kikomo, hakuna aliyethibitisha hata leo.

Wasomi wengi wa India walimcheka, wakiona kazi yake ni mchezo wa watoto. Hakuacha, alichapisha vijitabu kwa gharama yake mwenyewe. Ndiye aliyegundua maajabu ya 6174. Vijana wetu wajaribu kwa 1922, mwaka aliozaliwa Mwalimu Nyerere: wapange tarakimu kutoka kubwa hadi ndogo, watoe namba iliyopangwa kutoka ndogo hadi kubwa, warudie vivyo hivyo kwa kila jibu. Kwa hatua ya sita watafika 6174.

Alipofiwa na mkewe, pensheni haikumtosha, akarudi kufundisha wanafunzi nyumbani. Mwaka 1975 Martin Gardner aliandika habari zake katika jarida la Scientific American, na dunia ikamfahamu akiwa na miaka 70. Alifariki mwaka 1986.

Sisi wa Butiama twajua uzito wa neno Mwalimu. Shuleni mwetu wamo walimu ambao bidii yao haijaonekana na yeyote. Tuwaheshimu sasa, wangali wakishika chaki.