James Robertson: Aliyewafungulia wazazi milango ya wodi

Mzazi wa Tunduma, mwanawe akilazwa Vwawa au Meta, Mbeya, hubeba kanga na chupa ya chai akakae naye wodini. Uingereza ya miaka ya 1940 haikuwa hivyo. Wazazi waliruhusiwa kumwona mtoto saa chache kwa wiki, na baadhi ya hospitali ziliwakataza kabisa. Zilihofia maambukizi, tena mtoto alilia zaidi mzazi alipoondoka.

James Robertson alizaliwa Scotland mwaka 1911. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, yeye na mkewe Joyce walifanya kazi katika kituo cha Anna Freud cha kulea watoto jijini London, yeye akichochea tanuri na kukarabati vilivyoharibika. Mwaka 1948 alianza kufuatilia watoto waliolazwa, akifanya kazi na daktari John Bowlby.

Aliona hatua tatu. Kwanza mtoto hulia na kumtafuta mama. Kisha hunyong'onyea. Mwisho hutulia na kumchekea kila mtu, lakini mama akija humgeuzia uso. Wauguzi walidhani amezoea; Robertson aliona huyo ndiye aliyeumia zaidi.

Hakusadikiwa. Akashika kamera mwenyewe, akampiga filamu msichana wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji wa ngiri ya kitovu. Madaktari walipoonyeshwa mwaka 1952, wengi walikasirika. Hakurudi nyuma. Mwaka 1959 kamati ya serikali ilipendekeza wazazi waruhusiwe kumwona mtoto wakati wowote, na mama wa mtoto mdogo alazwe naye. Utekelezaji uliposuasua, mwaka 1961 alipeleka filamu zake kwenye televisheni, na akina mama wa London wakaunda chama cha kudai haki hiyo. Alifariki dunia mwaka 1988.

Mzazi, usimpime mtoto kwa kilio peke yake. Aliyenyamaza anaweza kuwa na huzuni kubwa kuliko anayelia. Biashara ya mpakani ikikubana, bibi au shangazi anayemfahamu akae naye. Usitoroke akiwa amelala. Muage, mwachie kanga yako, na urudi ulivyoahidi. Ukizuiwa kuingia, muulize muuguzi wa zamu sababu na lini utaruhusiwa. Kama ni maambukizi, fuata maelekezo yake.