John na Margaret Paton: nyumba moja katika kisiwa cha Aniwa



Wengi wetu tuliopita katika shule ya teolojia tulisikia habari za John Paton, mmisionari aliyechimba kisima katika kisiwa kisichokuwa na maji. Habari hiyo tumeihubiri mara nyingi. Lakini kwa namna inavyosimuliwa, mtu angefikiri kwamba Paton alikuwa kule peke yake na sepetu lake. Sivyo ilivyokuwa. Karibu na kisima palikuwa nyumba, na katika nyumba ile alikaa mke wake Margaret, ambaye barua zake zilikuja kuchapwa kuwa kitabu mwaka wa 1894. Anayesoma habari za wote wawili pamoja ataona kwamba Aniwa ilishindwa na mambo ya kila siku: mlo, sindano, dawa, wimbo wa jioni. Leo tunataka kusimulia maisha hayo.

Kaburi la Tanna

John alizaliwa tarehe 24 mwezi wa tano 1824 kusini mwa Uskoti, mtoto wa kwanza kati ya 11. Baba yake alitengeneza soksi nyumbani kwa mashine ya mikono. Nyumba ilikuwa ndogo, lakini kulikuwa chumba kimoja chembamba ambamo baba aliingia kila siku, akafunga mlango na kuomba. Watoto walijua sauti iliyotoka mle, wakajifunza kupita polepole. John hakuisahau sauti ile mpaka uzee wake.

Alitumika miaka kumi kati ya maskini wa mji wa Glasgow. Mwaka wa 1858 aliwekewa mikono, akamwoa Mary Ann Robson, na majuma mawili baada ya ndoa wakapanda meli kwenda New Hebrides, visiwa vya bahari ya Pasifiki ambavyo leo ni nchi ya Vanuatu. Walikaa Tanna. Hawakuijua homa ya huko, wakajenga nyumba yao mahali pa chini karibu na pwani. Tarehe 12 mwezi wa pili 1859 Mary Ann alizaa mtoto mwanaume. Tarehe 3 ya mwezi uliofuata mama akafariki, na tarehe 20 mtoto naye akamfuata. John alichimba kaburi kwa mikono yake mwenyewe karibu na nyumba, akawazika, na usiku akalala pale kulilinda. Alibaki Tanna karibu miaka mitatu mingine, katikati ya magonjwa na vitisho, mpaka mwanzo wa 1862 alipotoroka karibu mikono mitupu.

Basi, alipomwoa Margaret Whitecross mjini Edinburgh mwaka wa 1864, alijua vema anamwita mwanamke katika maisha gani. Margaret naye alijua. Habari za kaburi la Tanna zilikuwa zimefika kwao kabla ya posa.

Jambo ambalo hatupaswi kulificha

Mwaka wa 1865 meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Curaçoa ilipiga mizinga kijiji kimoja cha Tanna, kama adhabu kwa mambo waliyotendewa wazungu. Watu walikufa na nyumba zikaharibiwa. Paton alikuwa ndani ya meli ile kama mkalimani. Wakristo wengi walimlaumu, hata mmisionari mwenzake John Geddie. Yeye alijitetea kwamba hakuomba watu wapigwe, lakini lawama zilimfuata miaka mingi.

Tunalitaja kwa sababu sisi wa mashariki ya Congo tunajua mlio wa silaha unaacha nini moyoni mwa mtu. Watumishi wakubwa wa Mungu nao walikuwa watu, na waliweza kusimama mahali pabaya. Tena jambo hili linatusaidia kuielewa Aniwa. Mizinga haikumfanya hata mtu mmoja wa Tanna ampende Yesu. Mwaka mmoja baadaye John na Margaret walishuka katika kisiwa jirani bila mizinga, na huko mambo yalikwenda kwa njia nyingine.

Kujenga na kukaa

Walifika Aniwa mwezi wa kumi na moja 1866. Kisiwa hicho ni kidogo sana, hata mbele ya Idjwi yetu ni kama kipande tu. Ni jiwe la matumbawe lililofunikwa na udongo kidogo, bila mlima wala mto. Mwanzoni walikaa katika kibanda, na watu waliingia na kutoka wakitazama kila kitu: sahani, viatu, namna mume anavyosema na mke wake.

Wenyeji waliwaonyesha kilima cha kujenga. Walipochimba msingi walikuta mifupa ya watu walioliwa zamani. Wenyeji walikuwa wakipaogopa mahali pale, nao wakangoja kuona miungu itawafanya nini wageni hawa. Siku zikapita, wageni wakaendelea kuchoma matumbawe ili kupata chokaa, kusimamisha nguzo na kuezeka.

Siku moja katika ujenzi ule John alikosa vifaa. Akaandika maneno machache juu ya kipande cha ubao, akamwomba chefu Namakei ampelekee Margaret. Namakei akauliza aseme nini. John akamjibu kwamba ubao wenyewe utasema. Margaret akausoma, akautupa chini, akatoa vifaa vile vile vilivyotakiwa. Mzee alirudi akishangaa, na tangu siku hiyo alitamani kujua namna ubao unavyosema. Baadaye John alipochapa kitabu kidogo cha kwanza katika lugha ya Aniwa, Namakei hakuweza kuziona herufi vizuri. Walimjaribishia miwani. Zilipoonekana wazi alifurahi kama mtoto, akaanza kujifunza kusoma akiwa mzee.

Namna siku ilivyopita

Kazi ilipokomaa, siku ya Aniwa ilianza na shule. Alfajiri watu walikusanyika kusoma, kisha wakaenda mashambani kwenye viazi vikuu na taro. John alitibu wagonjwa, alitafsiri Maandiko, aliseremala, alichapa vitabu. Margaret alikuwa na darasa la wanawake na wasichana, kama 50. Aliwafundisha kusoma, kushona, kusuka kofia na kuimba. Alikuwa na kinanda, na mke wa Namakei, aliyekaa mbali na wageni kwa muda mrefu, alivutwa polepole na sauti ya kinanda hicho mpaka akaingia ndani.

Wazazi walipofariki, yatima waliletwa kwa akina Paton. Wakajenga nyumba mbili karibu na yao, moja ya wasichana na moja ya wavulana. Namakei mwenyewe alimleta binti yake Litsi alelewe na Margaret. Hivyo watoto walijifunza imani kwa kuiona mezani: baba anashukuru kabla ya kula, mama anamsamehe aliyevunja kikombe, jioni wote wanapiga magoti.

Unga na barua vililetwa na meli ya misioni iitwayo Dayspring. Safari moja meli ilichelewa sana, chakula kutoka ng'ambo kikaisha, na watoto wakawa wanakula nazi na kilichopatikana. Waliahidiwa kwamba meli ikija, biskuti za kwanza ni zao. Meli ilipofika, watoto waliviringisha pipa la biskuti mpaka nyumbani, wakalizunguka bila kulifungua. Wakamwuliza mchungaji kama ameisahau ahadi. Naye akashangaa kwamba watoto wenye njaa walifika na pipa zima bila kuligusa. Malezi ya namna hiyo hayatoki katika mahubiri ya siku ya Mungu peke yake.

Tusifikiri ilikuwa raha. Homa iliwashika mara kwa mara, na kuna nyakati Margaret alikuwa mgonjwa sana. Walizaa watoto kumi, na wanne kati yao walifariki wakiwa wadogo. Katika barua zake kwa jamaa Uskoti anasimulia ya kuchekesha na ya kuumiza, bila kujifanya shujaa.

Kisima

Sasa tunaweza kukisimulia kisima. Aniwa haikuwa na chemchemi, na mvua ilipotea ndani ya matumbawe. John alipoanza kuchimba, Namakei alifikiri mgeni ameshikwa na wazimu, kwa maana nani aliona mvua ikitoka chini? Vijana walisaidia kwa malipo ya ndoana. Shimo lilipobomoka usiku mmoja, hakuna aliyekubali kushuka tena. Walikubali tu kuvuta ndoo kutoka juu, na John akashuka peke yake siku baada ya siku, Margaret akijua kwamba udongo ungeweza kumfunika mume wake saa yoyote. Kwenye urefu wa karibu mita kumi maji yalitokea, nayo yalikuwa ya kunyweka. Baadaye wenyeji walijaribu kuchimba mahali pengine, wakakuta jiwe au maji ya chumvi.

Siku ya ibada iliyofuata Namakei aliomba kuhubiri. Akawaeleza watu wake kwamba maji yalikuwa chini ya miguu yao siku zote, ila hawakuyaona, na Mungu asiyeonekana ni hivyo hivyo. Watu wakaanza kuleta sanamu zao na kuziacha. Hubiri lile lilikuwa fupi, lakini Namakei alikuwa amekaa karibu na meza ya akina Paton tangu walipofika. Alipima kwanza maisha yao, ndipo akapima maji yao.

Mwaka wa 1869 watu 12 walibatizwa na kushiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Waaminio wa Aniwa walilima mmea wenye mizizi ya unga mweupe, wakaukausha na kuuza nje kwa miaka mingi ili walipie uchapaji wa Maandiko yao. Agano Jipya la Kianiwa lilichapwa mwaka wa 1899. Wakati huo Paton na Margaret walikuwa na makao yao Melbourne, Australia, na John alizunguka nchi nyingi akiwasemea watu wa visiwa, tena akipinga biashara ya kuwachukua vijana kwenda kutumika katika mashamba ya miwa. Margaret alifariki mwaka wa 1905, na John tarehe 28 mwezi wa kwanza 1907.

Kwa makanisa yetu

Mtume Paulo aliwakumbusha Wathesalonike kwamba aliwapa Habari Njema pamoja na nafsi yake mwenyewe. Tukitazama Aniwa tunaelewa maana yake.

Katika parokia zetu tunaandika jina la mchungaji katika kila ripoti. Mama wa mchungaji, anayepokea wageni wasio na mwisho, anayegawa sombe kidogo iliyopo kwa yatima wa vita, anayekaa na wagonjwa usiku, tunamkumbuka siku ya maziko. Ndugu wachungaji, tuanze na sisi wenyewe: jioni hii, kabla ya kutafuta hubiri la siku ya Mungu, tuwaulize wake zetu wamechoka kiasi gani, na tukae kuwasikiliza. Nanyi wazee wa kanisa, mnapopanga bajeti ya mwaka, iulizeni nyumba ile inakula nini. Jirani asiyeingia kanisani anaitazama kila siku, kama Namakei alivyotazama.

Bwana abariki nyumba zenu. Amina.