Grand Kallé: wimbo wa 30 Juni ulitokea hotelini Bruxelles

Kila mwaka, tarehe 30 Juni ikikaribia, kuna wimbo mmoja unaorudi kwenye radio zote za Kongo, kuanzia Kinshasa mpaka huku bonde la Ruzizi. Watu wa Mutarule, Sange na Luvungi wanaucheza hata kama Kilingala chenyewe hawakisikii vizuri. Ni "Indépendance Cha Cha". Wengi wanaujua muziki huo, lakini si wengi wanaomjua mtu aliyeutunga, wala wanaojua kwamba mara ya kwanza haukupigwa Kongo. Ulipigwa Ulaya, katika baridi ya Januari 1960, ndani ya hoteli kubwa ya Bruxelles inayoitwa Plaza. Mwenye wimbo ni Joseph Kabasele Tshamala, yule ambaye mashabiki walimwita Grand Kallé.

Mtoto wa Matadi

Kabasele alizaliwa tarehe 16 Desemba 1930 Matadi, mji wa bandari kule Bas-Congo, lakini asili ya familia yake ni Kasai. Ilikuwa familia yenye jina: ndani yake alitoka pia Joseph Malula, ambaye baadaye alikuwa kardinali wa Kinshasa. Kijana Kabasele aliimba kanisani, akafika sekondari, lakini shule hakuimaliza. Alifukuzwa. Akatafuta maisha Léopoldville, jina la zamani la Kinshasa, akafanya kazi ya kupiga mashine ya kuandikia katika ofisi za makampuni. Mchana alikuwa karani, usiku alikuwa mwimbaji.

Wakati ule, aliyetaka kurekodi wimbo alipaswa kupita kwenye nyumba za kurekodi, na wenye nyumba hizo walikuwa wageni, wengi wao Wagiriki. Mwanamuziki aliimba, akapewa pesa kidogo, na diski zikabaki mali ya tajiri. Kabasele alianzia huko kama wengine, kwenye nyumba ya Opika. Mwaka 1953 alianzisha orkestra yake, African Jazz.

Orkestra hiyo ilileta mambo mapya. Gitaa la umeme la Nicolas Kasanda, yule Docteur Nico, lilisikika kama sauti ya mtu. Ngoma za tumba zilichukua mapigo ya Cuba, na juu yake ilikaa sauti laini ya Kabasele. Moja ya nyimbo zake zilizopendwa sana ni "Parafifi", aliyomtungia Félicité Safouesse, mtangazaji wa Radio Brazzaville. Ndiyo kusema hata mtangazaji wa radio aliweza kuimbwa.

Safari ya Bruxelles

Tarehe 4 Januari 1959 fujo kubwa ililipuka Léopoldville, na watu wengi wakafa. Wabelji wakaona kwamba uhuru hauwezi kuahirishwa tena. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 20 Januari 1960, wakaita vyama vya Kongo kwenye mazungumzo Bruxelles. Mkutano huo ndio unaoitwa Table Ronde, meza ya mviringo. Wakongomani walifika wakiwa wamegawanyika, lakini wakafanya jambo ambalo Wabelji hawakulitegemea: walijiunga kuwa upande mmoja. Walidai pia Patrice Lumumba atolewe gerezani Katanga. Akatolewa, akafika Bruxelles tarehe 26. Kesho yake tarehe ya uhuru ikatangazwa: 30 Juni 1960.

Thomas Kanza, mmoja wa Wakongomani wa kwanza kumaliza chuo kikuu Ubelgiji, aliona kwamba siasa peke yake haitoshi. Watu wanaotafuta uhuru wanahitaji pia muziki wao. Ndipo African Jazz wakaitwa. Kabasele alipanda ndege na Nico, kaka yake Nico aitwaye Déchaud, Roger Izeidi na Petit Pierre. Aliongeza wawili kutoka kwa mpinzani wake mkubwa, OK Jazz ya Franco: Vicky Longomba na Brazzos. Wanasiasa walikuwa wameungana kwa ajili ya uhuru, na wanamuziki nao wakafanya vile vile.

Hoteli Plaza ilikuwa nyumba ya fahari. Ilijengwa karibu na mwaka 1930 kwenye boulevard kubwa katikati ya mji, na ndani yake mlikuwa na ukumbi mkubwa wa sinema. Ili kufahamu uzito wa jambo hili, tukumbuke maisha ya Léopoldville ya wakati huo. Kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuzunguka usiku kwenye mtaa wa Wazungu bila karatasi. Hoteli kubwa aliiingia kama boyi au mpishi. Sasa vijana hao hao, Nico akiwa na miaka 20 tu, walisimama wamevaa suti mbele ya wajumbe wa Kongo na ya Wabelji waalikwa, wakapiga dansi ya uhuru katika mji mkuu wa aliyewatawala.

Wimbo wenyewe ni mfupi, maneno yake ni mepesi. Unasema uhuru umepatikana, halafu unataja vyama na watu: Kasavubu, Lumumba, Kalonji, Tshombe, Bolikango, Kamitatu na wengine. Ni kama mtu anayeita majina kwenye harusi ili asisahau mgeni hata mmoja. Lakini kuna waliosahaulika. Chama cha CEREA, kilichotoka huku Kivu, kilikuwa na wajumbe kwenye meza ile, lakini wimbo haukitaji. Hata hivyo Kivu waliucheza tu. Anicet Kashamura wa CEREA ndiye aliyekuwa waziri wa habari katika serikali ya Lumumba, maana yake radio ya taifa iliyopiga wimbo huo ilikuwa chini ya mtoto wa Kivu.

Majina yaliyoachana

Diski ilitoka, ikavuka mipaka. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilipata uhuru, na wimbo wa Kabasele ulichezwa mpaka katika nchi ambazo hakuna aliyesikia Kilingala. Kabasele alirudi nyumbani kama shujaa. Akaanzisha nyumba yake mwenyewe ya diski, Surboum African Jazz, akirekodia Bruxelles. Hiyo pia ilikuwa uhuru. Mwanamuziki Mkongomani akawa mwenye mali yake, na hata Franco na OK Jazz walirekodi kupitia kwake. Mwaka 1961, Bruxelles, alikutana na kijana wa Cameroun mpiga saksofoni, Manu Dibango, akamchukua na kumleta Léopoldville. Dibango alikuja kujulikana dunia nzima.

Lakini majina yaliyokaa pamoja ndani ya wimbo hayakukaa pamoja nchini. Hata wiki mbili hazikuisha baada ya uhuru, tarehe 11 Julai Tshombe akaitenga Katanga. Agosti, Kalonji akaitenga Kasai Kusini. Tarehe 5 Septemba Kasavubu akamfukuza Lumumba kwenye uwaziri mkuu. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga. Tangu ile dansi ya Bruxelles, hata mwaka haukutimia. Vita ikaendelea, na Mei 1964 mji wa Uvira ukaingia mikononi mwa waasi.

African Jazz nayo haikupona. Mwaka 1963 wanamuziki walimwacha Kabasele. Docteur Nico na Tabu Ley Rochereau, kijana ambaye Kabasele mwenyewe alimwinua, waliondoka na wengine wakaunda African Fiesta. Yule aliyewaita wanasiasa wote katika wimbo mmoja alishindwa kuwashika watu wake kwenye jukwaa moja. Alijaribu tena kuisimamisha orkestra, halafu mwishoni mwa miaka ya 1960 akafanya kazi Paris na African Team, pamoja na Dibango na mpiga filimbi wa Cuba, Don Gonzalo. Muziki wao ulikuwa mzuri, lakini Kinshasa ilikuwa imeshaanza kucheza kwa vijana wengine. Alikufa tarehe 11 Februari 1983, baada ya ugonjwa, akiwa na miaka 52. Nchi aliyoiimbia uhuru ilikuwa inaitwa Zaire.

Kinachobaki

Hoteli Plaza nayo ilipita shida zake. Ilifungwa mwaka 1976, ikakaa miaka 20 bila wageni. Ilitengenezwa upya bila kuharibu sura yake ya zamani, ikafunguliwa tena mwaka 1996. Leo mtu mwenye pesa anaweza kukodi chumba na kulala katika nyumba ileile. Wabelji wameitunza vizuri. Upande wa Kongo, kilichotunzwa ni wimbo wenyewe, na waliofanya kazi hiyo ni radio, mabaa na vijana wanaoupiga upya. Mwaka 2010, uhuru ulipotimiza miaka 50, Baloji, mwimbaji aliyezaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji, aliutengeneza kwa namna yake na kuupa jina la Kiswahili: "Siku ya baadaye". Hakuuimba kwa furaha tupu kama ya 1960. Aliuliza uhuru umefanya nini tangu hapo.

Hapa Mutarule swali hilo si la muziki tu. Mwezi wa Juni una tarehe nyingine ambayo watu hawaisahau: usiku wa tarehe 6 kuamkia tarehe 7 Juni 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa, wakiwemo waliokuwa wanasali. Kutoka tarehe hiyo mpaka sikukuu ya uhuru ni wiki tatu tu. Kwa hiyo mwenye kusikiliza "Indépendance Cha Cha" hapa bondeni anausikiliza akiwa na wafu wake moyoni, na anasikia wazi kile Kabasele alichofanya Bruxelles: alitaja majina ya watu waliokuwa na ugomvi, mmoja baada ya mwingine, kwa sauti ileile, bila kumweka mmoja juu ya mwingine. Wao wenyewe hawakuweza kukaa hivyo hata mwaka mmoja. Wimbo umewaweka pamoja zaidi ya miaka 60, na tarehe 30 Juni utapigwa tena, hapa na Kinshasa, saa ile ile bendera inapopanda.