Fitz Henry Lane: Mchoraji wa Merikebu Bandarini

Katika sehemu kubwa ya karne ya 20, msomaji wa vitabu vya sanaa ya Marekani alimkuta mchoraji huyu akiitwa Fitz Hugh Lane. Jina hilo halikuwa lake. Alizaliwa mwaka 1804 katika mji wa wavuvi wa Gloucester, jimbo la Massachusetts, akapewa jina la Nathaniel Rogers Lane. Alipokuwa kijana aliomba rasmi aitwe Fitz Henry, naye akakubaliwa mwaka 1832.

Babake alikuwa mshona matanga. Mtoto wa nyumba kama hiyo angetarajiwa kuwa baharia au kurithi sindano ya baba, lakini Lane alipooza miguu akiwa bado mdogo, akawa mtu wa kutembelea magongo hadi kufa kwake. Mwaka huohuo wa 1832 aliingia katika karakana ya Pendleton mjini Boston, ambako picha zilichorwa kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe, kisha zikachapwa. Kosa likishaingia jiweni ni shida kulifuta. Nadhani umakini wake ulianzia hapo.

Umakini huo unaonekana wazi katika picha zake za bandari ya Boston za miaka ya 1850. Jua linatua, bahari ni shwari, merikebu kubwa zimesimama na matanga yake yamelegea kwa kukosa upepo. Hakuna dhoruba wala vita. Hata hivyo, ukifuata kamba moja kutoka mlingotini utaiona ikifika panapostahili, kama ambavyo nahodha angetaka. Ajabu ni kwamba aliyezichora kamba hizo hakuweza kuukwea mlingoti wowote.

Takribani mwaka 1850 alijenga nyumba ya mawe kwenye kilima kinachotazama bandari ya Gloucester. Humo alifanya kazi mpaka alipofariki mwezi Agosti 1865.

Picha zake alizitia sahihi ya herufi za mwanzo tu za majina yake, na baada ya kifo chake ile H ikafasiriwa kuwa Hugh. Kosa hilo halikusahihishwa hadi mwanzoni mwa karne ya 21, pale watafiti wa nyaraka wa Gloucester walipolifukua ombi lake la kubadilisha jina. Makumbusho yakalazimika kuandika upya vibandiko vya picha zake.